Okot p'Bitek: Miaka Kumi Kati ya Rasimu na Kitabu

1.0 Utangulizi

Kabla ya kuuchambua Wimbo wa Lawino ni vyema umfahamu mtu aliyeutunga. Wanafunzi wengi huichukulia sehemu ya maisha ya mwandishi kuwa ya kukariri tu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifariki lini. Yote hayo utayapata hapa. Hata hivyo, ninakuomba ufuatilie jambo moja zaidi tunapoendelea. Okot p'Bitek aliandika rasimu ya kwanza ya shairi hili kwa Kiacholi mwaka 1956. Kitabu kilichomfanya ajulikane kote Afrika kilitoka mwaka 1966. Kati ya rasimu na kitabu kuna miaka kumi.

Soma sura hii ukijiuliza maswali mawili. Kwanza, mwandishi alikuwa akifanya nini katika miaka hiyo? Pili, miaka hiyo ilimsaidiaje alipolirudia shairi lake? Ukiweza kuyajibu, utakuwa umepata kitu cha kukufaa katika karatasi ya fasihi, na kingine cha kukufaa katika karatasi ya insha.

1.1 Kuzaliwa na malezi

Okot p'Bitek alizaliwa mwaka 1931 mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika jamii ya Waacholi. Ikiwa unasoma mwongozo huu ukiwa Pap Onditi, Katito au Sondu na nyumbani mnazungumza Dholuo, basi mwandishi huyu si mgeni kwako. Kiacholi na Dholuo ni lugha za ukoo mmoja. Jina asilia la shairi ni Wer pa Lawino, na neno wer ni wimbo huko Gulu kama lilivyo wimbo huku Nyakach. Umekwisha kuelewa nusu ya kichwa cha kitabu kabla mwalimu hajakufafanulia.

Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake, Lacwaa Cerina, alijulikana kwa uimbaji na uchezaji wa ngoma, na alikuwa kiongozi wa wasichana wa rika lake. Kwa hivyo Okot alilelewa katika nyumba yenye shule mbili: shule ya ubao na chaki, na shule ya uwanja wa ngoma. Likumbuke jambo hili utakapofika kwenye uchambuzi wa wahusika. Lawino, ambaye ndiye nafsi neni katika shairi, ni mwanamke asiye na kisomo cha darasani ambaye katika usichana wake alikuwa kiongozi wa wenzake katika ngoma. Hakuzuka hivihivi katika mawazo ya mshairi.

Okot alisoma Gulu High School, kisha King's College, Budo. Akiwa Budo alitunga na kuigiza opera, yaani mchezo unaoimbwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baadaye alipata mafunzo ya ualimu Mbarara, akarudi karibu na Gulu kufundisha katika shule ya Sir Samuel Baker. Alifundisha Kiingereza na masomo ya dini ya Kikristo, na pia aliongoza kwaya. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, alichapisha riwaya yake ya kwanza kwa Kiacholi, Lak Tar. Riwaya hiyo inamhusu kijana anayeondoka kijijini kwenda kutafuta kazi ili apate mahari.

Unaona basi kwamba kufikia mwaka 1956 hakuwa mwanagenzi. Alikuwa mwalimu, mwanamuziki na mwandishi aliyekwisha kuchapishwa. Mtu wa namna hiyo angeweza kuamini kwamba kila anachokiandika kiko tayari kusomwa siku hiyohiyo anapokimaliza.

1.2 Rasimu ya 1956 na safari ya mpira

Mwaka huo wa 1956 aliandika rasimu ya kwanza ya Wer pa Lawino. Haikuchapishwa wakati ule. Mwaka huohuo maisha yake yalichukua mkondo mwingine, na kilichoyapindua hakikuwa fasihi. Kilikuwa kandanda.

Okot alikuwa mchezaji hodari, na aliteuliwa katika timu ya taifa ya Uganda iliyozuru Uingereza mwaka 1956. Timu ile ilikumbukwa sana kwa sababu wachezaji wake walicheza pekupeku. Ziara ilipokwisha, Okot hakurudi nyumbani na wenzake. Alibaki Uingereza kusoma.

Mwanafunzi, usije ukaandika katika jibu lako kwamba Okot alikaa akapanga kuiacha rasimu yake kwa muda wa miaka kumi. Kilichomtenga na rasimu ni maisha yenyewe: safari, masomo, kazi. Ila kutengwa huko kulikuja kuwa na faida, na hiyo ndiyo sehemu tunayohitaji kuielewa.

1.3 Miaka ya kuwa mbali

Huko Uingereza alisoma mambo matatu, na kila moja lina alama yake katika shairi unalolisoma.

*(a) Elimu.* Alianza na masomo ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Bristol. Alikuwa mwalimu tayari, lakini sasa aliingia katika chemchemi ya elimu ileile iliyokuwa ikipelekwa kwa watoto wa Gulu.

*(b) Sheria.* Alihamia Aberystwyth, Wales, akapata shahada ya sheria. Unaposoma Wimbo wa Lawino, tazama jinsi Lawino anavyojenga malalamiko yake. Halii tu. Anaeleza kosa, anataja ushahidi, anawaita watu wa ukoo wasikilize, anakubali jambo dogo ili ashinde jambo kubwa. Hakatai kwamba mila za wageni zina wenyewe. Anachopinga ni mumewe kuzidharau za kwao. Huo ni mpangilio wa mtu anayewasilisha kesi barazani. Baraza la wazee la Kiacholi lina ustadi huo, na shule ya sheria ina ustadi huo pia. Mshairi alizifahamu zote mbili.

*(c) Anthropolojia.* Mwisho alikwenda Oxford kusoma elimu ya jamii na mila za watu. Huko aliudhika kuwasikia wahadhiri wakiwaelezea Waafrika, watu wa kwao, kwa maneno ya dharau, kana kwamba walikuwa wakizungumzia viumbe wa kombo. Utafiti wake aliuelekeza kwenye nyimbo za jadi za Waacholi na Walango. Nyimbo alizozisikia kwa mama yake akiwa mtoto, sasa alizikusanya, akazilinganisha na kuzichunguza muundo wake: nani anaimba, anamwimbia nani, kwa nini anarudia, anatukana vipi bila kuvunja adabu.

Hapa ndipo penye kiini cha sura hii. Mhusika Ocol ni msomi. Nyumba yake imejaa vitabu. Amerudi kwa watu wake akiwa na elimu ya kigeni, na anamwona mkewe kuwa mshamba. Jiulize: mwaka 1956, kabla ya safari, Okot alikuwa nani? Mwalimu kijana wa Gulu. Na aliporudi miaka ya 1960 alikuwa nani? Msomi aliyerudi kutoka ng'ambo na vitabu vyake. Alikuwa amefika mahali hasa anapokaa Ocol.

Mtu aliyeirudia rasimu ile hakuwa tena yule aliyeiandika. Yule wa kwanza angeweza kumcheka Ocol kwa mbali. Huyu wa pili alikuwa na kila sababu ya kumtetea Ocol, maana walifanana. Badala yake alichagua kumpa Lawino nafasi ya kusema hadi mwisho. Ndiyo maana shutuma za Lawino zina uzito: mshairi alijua kwamba zinamlenga yeye pia.

1.4 Kurudi kwenye rasimu

Okot aliporudi Gulu alifanya kazi katika idara ya masomo ya nje ya Chuo Kikuu cha Makerere, yaani masomo yanayopelekwa kwa watu wazima walio nje ya chuo. Alisaidia kuanzisha tamasha la sanaa mjini humo. Alikuwa akicheza ngoma, akiimba na kuwasikiliza watu wanaoimba. Katika mazingira hayo ndipo shairi la Lawino lilipokomaa.

Zingatia pia kwamba nchi yenyewe ilikuwa imebadilika. Mwaka 1956 Uganda ilikuwa bado chini ya Waingereza, na ushindani wa vyama vya siasa ulikuwa ndio kwanza unachipuka. Uhuru ulipatikana mwaka 1962. Shairi tunalolisoma lina sehemu nzima kuhusu siasa, ambapo Ocol na ndugu yake wa tumbo moja wako katika vyama tofauti na hawasikilizani, huku umaskini na maradhi vikiendelea kuwatafuna wanakijiji. Mshairi aliyerudi miaka ya 1960 alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake mahali ushindani huo ulikoelekea.

Baada ya kusoma sehemu ya tafsiri yake ya Kiingereza mbele ya waandishi wenzake mjini Nairobi na kupokelewa vizuri, alitafsiri shairi zima. East African Publishing House ya Nairobi ililichapisha mwaka 1966 kwa jina Song of Lawino. Okot hakuificha hasara ya tafsiri. Mwanzoni mwa kitabu alimweleza msomaji kwamba mdundo na vina vya Kiacholi vilipotea njiani. Nakala ya Kiacholi, Wer pa Lawino, ilichapishwa mwaka 1969. Tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino, ilifuata mwaka 1975.

1.5 Kisumu

Mwaka 1966 Okot aliteuliwa kuongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda, Kampala. Baadaye aliondolewa kazini na akavuka mpaka kuja Kenya. Mji wa kwanza kumpa kazi ulikuwa Kisumu, ambako alikuwa mkufunzi wa masomo ya nje ya chuo kikuu cha Nairobi. Kama alivyofanya Gulu, aliandaa tamasha la sanaa Kisumu mwaka 1968.

Mwanafunzi wa Nyakach, hesabu miaka tena. Wer pa Lawino kwa Kiacholi ilitoka mwaka 1969, baada ya mwandishi kufika upande huu wa ziwa. Wimbo ulioanzwa Gulu mwaka 1956 ulipewa wasomaji wa lugha yake miaka 13 baadaye, wakati mtunzi wake akiwa mkimbizi wa kazi nchini kwetu.

1.6 Miaka ya mwisho

Baadaye Okot alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Song of Ocol, ambamo Ocol anapewa nafasi ya kumjibu mkewe, ilichapishwa mwaka 1970. Mwaka 1971 alichapisha Two Songs, kitabu chenye nyimbo mbili: ya mfungwa na ya malaya. Alichapisha pia mkusanyiko wa nyimbo za Kiacholi, Horn of My Love, mwaka 1974, na ngano katika Hare and Hornbill, mwaka 1978. Alirudi Makerere mwaka 1982 kuwa profesa wa uandishi wa kubuni, lakini alifariki mwezi wa Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 51 hivi.

1.7 Mafunzo kwa mtahiniwa

Wazo la kuiweka kazi kando kabla ya kuirekebisha si geni. Mshairi Horace wa Roma, aliyeishi zaidi ya miaka 2000 iliyopita, aliwashauri waandishi waifungie kazi yao hadi mwaka wa tisa. Mafundi wa matofali wa Nyabondo, juu tu ya kwenu, wanalijua pia. Tofali likitolewa kwenye kalibu halipelekwi tanurini siku hiyo. Huachwa likauke kwanza, maana tofali bichi likikutana na moto hupasuka.

Lakini usiishie kwenye methali ya subira yavuta heri. Subira peke yake haikuandika Wimbo wa Lawino. Rasimu nyingi zimekaa masandukuni miaka 20 na zikatoka kama zilivyoingia, au zikatoka zimeliwa na mchwa. Yaliyomsaidia Okot ni mambo mawili: katika muda wa kuwa mbali alijifunza vitu vipya vilivyohusiana na kazi yake, na hatimaye alirudi. Atakayejifunza asirudi hatakuwa na kitabu. Atakayerudi bila kujifunza atakuwa na rasimu ileile.

Sasa tazama insha yako. Ukimaliza kuiandika na kuisoma papo hapo, huisomi. Macho yanapita juu ya karatasi, lakini kinachosomwa ni kile kilichomo kichwani mwako. Umeandika *vitabu yangu*, nawe unasoma *vitabu vyangu*. Umeruka neno, nawe unalisoma kana kwamba lipo. Umemtaja mhusika bila kumtambulisha, nawe humshangai kwa sababu unamjua. Mtahini hana kichwa chako; ana karatasi tu. Muda wa kuwa mbali hukusaidia kuisoma kazi yako kama anavyoisoma yeye.

Fanya hivi katika muhula wa masomo:

1. Andika insha yako Ijumaa, kisha ifunge. Usiifungue tena hadi Jumanne.
2. Katika siku hizo, soma kitu kinachohusu mada. Ikiwa insha yako ni kuhusu mafuriko ya Nyando, zungumza na mtu aliyewahi kuhama nyumba yake.
3. Jumanne, isome kwa sauti. Mahali ulimi unapokwama, weka alama kwa kalamu ya rangi nyingine. Usirekebishe bado.
4. Ukifika mwisho, rudi kwenye alama zako urekebishe. Uwe tayari kufuta aya nzima.

Utaniuliza: mwalimu, katika chumba cha mtihani nitazipata wapi siku nne? Huwezi kuzipata. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili inakupa saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, yaani dakika 105. Hata hivyo unaweza kuupata umbali mdogo kwa kupanga kazi yako. Tumia dakika 5 kuyasoma maswali, dakika 10 kuandaa vidokezo vya insha zote mbili, dakika 40 kwa insha ya kwanza na dakika 40 kwa ya pili. Hapo zitabaki dakika 10.

Siri ni hii: ukimaliza insha ya kwanza, usiisome. Geuza ukurasa uanze ya pili mara moja. Dakika 10 za mwisho ndizo za kurudi, na unaporudi anza na ile ya kwanza. Wakati huo utakuwa umekaa mbali nayo dakika 40 ukiandika kuhusu jambo jingine kabisa, na makosa ambayo hungeyaona mapema yataanza kuonekana. Watahiniwa wengi hufanya kinyume. Huisoma insha ya kwanza mara tatu ingali moto, hawaoni kosa, kisha ya pili inakatwa na kengele kabla ya kufika tamati.

Okot alipata miaka kumi na akaitumia. Wewe utapata dakika 40. Zitumie.

Maswali ya marudio

1. Eleza jinsi malezi ya Okot p'Bitek yalivyochangia kuumbwa kwa mhusika Lawino. (alama 4)
2. Kwa kurejelea taaluma tatu alizozisomea mwandishi akiwa Uingereza, onyesha athari ya kila moja katika shairi. (alama 6)
3. "Okot p'Bitek ana mengi yanayomfananisha na Ocol kuliko Lawino." Jadili kauli hii. (alama 6)
4. Fafanua tofauti kati ya kuiacha rasimu na kuitelekeza, ukitumia maisha ya mwandishi kama mfano. (alama 4)

*Kazi ya ziada:* Tafuta insha uliyoiandika muhula uliopita. Isome kwa sauti mbele ya mwenzako bila kumweleza ulikusudia kusema nini. Mwombe akuambie alichoelewa, kisha uiandike upya.